Mahindi yaliyolazwa: filamu za besiboli ninazozirudia

Mara ya kwanza kuangalia Field of Dreams nilimchukia yule mkulima. Jioni anasikia sauti shambani inayomwambia ajenge, na siku chache baadaye anapanda trekta na kuyalaza chini mahindi mabichi, marefu kuliko mtu, apate nafasi ya uwanja wa mpira. Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda cha mzee niliyekuwa namhudumia zamu ya usiku, soksi zake ziko mkononi mwangu, nikajikuta nimesema kwa Kiswahili tena kwa sauti: "Huyu kalaaniwa." Mzee akapunguza sauti ya runinga, akataka kujua nimesema nini. Nikamtafsiria. Akakaa kimya kidogo, kisha akaniambia kwamba hata yeye, aliyelima mahindi miaka hamsini, siku alipoiona filamu hiyo sinema mwaka 1989 aligeuza uso pale trekta lilipoingia shambani.

Hapo ndipo urafiki wetu ulipoanzia, na mapenzi yangu kwa besiboli yalianzia hapo hapo.

Kwetu ni Laela, mkoa wa Rukwa. Baba alikuwa na ekari nne za mahindi, na maharage katikati ya mistari. Ng'ombe wa mtu akiingia kwenye mahindi yaliyokwisha kutoa mbelewele, kesi inafika kwa mwenyekiti wa kijiji kabla jua halijazama. Kwa hiyo nilipohamia Cedar Rapids, jimbo la Iowa, mwaka 2013, kitu cha kwanza kilichonituliza moyo ni mashamba. Unatoka mjini dakika kumi tu, na kulia na kushoto ni mahindi mpaka macho yachoke. Ajabu ni kwamba sikupata unga wa ugali kwa miezi miwili. Mengi ya mahindi yale ni chakula cha mifugo na mafuta ya magari. Unga niliupata baadaye kwenye duka la mama mmoja wa Burundi, tukasalimiana kwa Kiswahili, nikatoka pale nimebeba kilo kumi na machozi.

Mzee alikuwa shabiki wa Cubs ya Chicago, timu ambayo wakati huo ilikuwa haijachukua ubingwa tangu 1908. Nilimwita Mzee, nikamweleza kwamba kwetu hiyo ni heshima, akalipenda neno lenyewe. Jina lake halisi nitalitunza. Alizaliwa mwaka 1931, macho yalikuwa yanamfifia, na usingizi ulimkimbia kila siku saa tano usiku. Mimi kazi yangu ilikuwa kupita vyumbani, kugeuza wagonjwa, kubadilisha mashuka. Chumba chake nilikiacha mwisho makusudi ili nikae. Alikuwa na sanduku la filamu za besiboli, na kila filamu aliisimamisha katikati kunifundisha mchezo: mrushaji anataka nini, mdakaji anampa ishara gani kwa vidole, kwa nini mpigaji anaacha mpira mzuri upite. Timu zinapokezana zamu tisa. Mpigaji akikosa mipira mitatu, anatoka. Akiupiga ukavuka ukuta, hiyo ni homurani, anazunguka vituo vyote bila kuguswa mpaka alipoanzia, na mahali hapo wao wanapaita nyumbani.

Usiku mmoja akaniambia jambo ambalo sijalisahau. Katika mchezo huu, alisema, mpigaji anayekosa mara saba katika kumi huitwa bingwa. Sikuamini mpaka nilipoziona takwimu mwenyewe. Anayepata tatu katika kumi kwa miaka mingi anajengewa sanamu.

Tangu hapo hiyo ndiyo mizani yangu. Ndugu na rafiki wananiandikia kuuliza waanze na filamu gani, hasa wale ambao watoto wao wamezaliwa huku na sasa wamevaa glavu. Nawajibu hapa kwa pamoja: tafuteni filamu inayojua kukosa. Zile ambazo mtu anashinda tu dakika ya mwisho ni nyingi, na nyingi zimesahaulika kwa haki.

Mzee mwenyewe angewaanzisha na The Pride of the Yankees ya mwaka 1942. Aliiona akiwa na miaka kumi na moja. Ni habari ya Lou Gehrig, aliyecheza mechi 2,130 mfululizo bila kukosa hata moja, kuanzia 1925 hadi 1939, mpaka ugonjwa wa mishipa ya fahamu ukamnyang'anya nguvu za mikono. Ugonjwa wenyewe, ALS, Wamarekani wengi bado wanauita kwa jina lake. Tarehe 4 Julai 1939 alisimama katikati ya uwanja wa timu yake, Yankees ya New York, akijua anakwenda wapi, akasema anajiona mtu mwenye bahati kuliko wote duniani. Alifariki Juni 1941, na filamu ikatoka mwaka uliofuata, watu bado wana msiba. Gary Cooper ndiye anayemwigiza. Mwenye kuujua mchezo ataona kwamba mikono ya Cooper haikuzoea mpira, kwani Gehrig alikuwa wa mkono wa kushoto na Cooper wa kulia. Lakini angalieni uso wake. Na angalieni Babe Ruth, mchezaji maarufu kuliko wote wa zama zile, anayejiigiza mwenyewe pale pale alipokuwa kweli, kando ya rafiki yake.

Filamu ni ya polepole, nyeusi na nyeupe, na inakaa zaidi kwenye mapenzi ya Gehrig na mkewe Eleanor kuliko uwanjani. Mimi sioni kasoro hapo. Nimewalaza na kuwaamsha watu wenye ugonjwa ule. Aliyeandika ile sehemu ambapo anashindwa kufanya jambo dogo kwa vidole alimjua mgonjwa.

Kuhusu maradhi, iko nyingine ninayoiweka juu zaidi, na mtanisamehe nikikaa hapa kidogo. Bang the Drum Slowly ni ya mwaka 1973. Robert De Niro, kabla dunia haijamjua vizuri, ni mdakaji wa timu ya kubuniwa ya New York, mtu wa kijijini, mzito wa maneno, wenzake wanamdhihaki. Anagunduliwa kuwa na saratani isiyopona. Anayejua ni rafiki yake mmoja tu, mrushaji nyota wa timu, na rafiki huyo anafanya jambo ambalo kila nikiliona linanishika koo: anakataa kusaini mkataba mpaka uandikwe kwamba mmoja wao akiuzwa au akiachwa, wote wawili wanaondoka. Hela anakubali kupunguziwa. Kifungu kile hakiachi.

Siri inavuja kidogo kidogo, na timu nzima inabadilika. Dhihaka zinakoma, wanaanza kumwekea nafasi, wanacheka vichekesho vyake ambavyo havichekeshi. Nimeyaona haya kazini mara nyingi: mgonjwa akitajwa kwamba hana muda, watu wanakuwa wema ghafla, na mgonjwa anajiuliza wema huu ulikuwa wapi. Filamu haimsuti mtu. Mwishoni rafiki yule anasema tu kwamba tangu sasa hatamdhihaki mtu yeyote tena. Niliiangalia peke yangu Februari 2018, wiki ambayo Mzee alifariki. Ilikuwa ndani ya sanduku lake, na mwanawe alinikabidhi sanduku lote.

Turudi kwenye mahindi. Mtu wa kwanza kutokea shambani katika Field of Dreams ni Joe Jackson, aliyepewa jina la Joe Asiye na Viatu. Kumwelewa ni lazima uone Eight Men Out ya John Sayles, 1988. Hii mimi ningeiangalia kwanza, kisha ndiyo ile nyingine. Mwaka 1919 wachezaji wanane wa White Sox ya Chicago walituhumiwa kupokea fedha za wacheza kamari ili wafungwe na Cincinnati katika fainali. Mahakama iliwaachia huru mwaka 1921. Siku iliyofuata kamishna wa mchezo, Jaji Landis, akawafungia kucheza maisha yao yote. Joe Jackson katika fainali ile alikuwa na wastani wa .375, yaani alipata karibu mara nne katika kumi, na ndiyo maana watu wanabishana mpaka leo. Mwaka 2025 kamishna wa sasa alitangaza kwamba marufuku ya maisha inakoma mtu anapofariki, na jina la Jackson likaondolewa kwenye orodha. Alikuwa amekaa kaburini tangu 1951.

Sayles hawatetei wala hawasulubu. Anakuonyesha tajiri mwenye timu akibana senti, vijana wakinong'ona hotelini, na fedha zilizoahidiwa zikifika nusu au zisifike kabisa. Aliyenikaa moyoni ni Buck Weaver, aliyeijua njama lakini hakupokea hata senti, naye akafungiwa na wengine. Mwisho wa filamu ni miaka kadhaa baadaye. Weaver amekaa jukwaani kwenye kiwanja kidogo cha mchangani, anamwangalia mtu akicheza kwa jina la bandia, anajua vizuri ni Jackson. Watazamaji wanabishana kama ni yeye. Weaver anakana, anamfichia siri. Jambo jingine dogo kwa wenye macho ya mchezo: D. B. Sweeney hapa anapiga kwa mkono wa kushoto kama Jackson halisi, wakati Ray Liotta katika Field of Dreams anapiga kwa wa kulia. Mzee alikuwa hakubali kulipitia hilo bila kusema neno.

Tulitofautiana kwa The Natural ya 1984. Alivyoipenda! Robert Redford, gongo lililochongwa kwenye mti uliopigwa na radi, pigo la mwisho linalopasua taa za uwanja na cheche zinashuka kama mvua. Picha ni nzuri, muziki wa Randy Newman unakuinua. Ila kitabu cha Bernard Malamud cha 1952, ambacho ndicho asili yake, kinaishia kwa yule bingwa kukosa. Anazungusha gongo hewani, hapati kitu, anatoka. Waliotengeneza filamu walimpa homurani. Nilimwambia Mzee kwamba huo ni wizi, wamemnyima mtu yule ukweli wake. Akanijibu kwamba mtu wa miaka themanini na tatu ameshaona kukosa kwa kutosha na ana haki ya cheche. Sikuwa na jibu, na bado siipendi.

Sasa nizungumzie sauti. Ukiwa umekulia Tanzania huenda hujui jina la James Earl Jones, lakini mwanao ameshamlilia: ndiye sauti ya Mufasa. Naye alizaliwa 1931, mwaka wa Mzee, huko Mississippi, na utotoni alikuwa na kigugumizi kikali kiasi kwamba kwa miaka alikaa karibu bila kusema. Alifariki Septemba 2024. Yumo katika filamu kadhaa za besiboli, na mimi nashauri mbili.

Katika Field of Dreams ndiye mwandishi aliyejificha na dunia, na ndiye anayetoa ile hotuba maarufu kwamba Marekani imefutwa na kuandikwa upya mara nyingi, ila besiboli imebaki. Sauti ile inaweza kukufanya ukubali chochote. Lakini kaa ufikirie. Wanaotoka mahindini ni wazungu watupu. Wachezaji wa enzi ya Jackson waliocheza vizuri kuliko baadhi yao, weusi, hawakuruhusiwa kwenye Ligi Kuu, na mpaka 1947 hawakuruhusiwa. Hotuba inaipita habari hiyo, tena imewekwa kinywani mwa mtu mweusi. Naipenda filamu hii kuliko nyingi, na jambo hili linaniuma ndani yake.

Dawa yake ni filamu ya 1976 yenye jina refu, The Bingo Long Traveling All-Stars & Motor Kings. Jones huyo huyo, kijana zaidi, ana gongo na misuli, pamoja na Billy Dee Williams na Richard Pryor. Ni mwaka 1939. Wachezaji weusi wamechoka kunyonywa na wenye timu, wanajitoa, wananunua magari na kuzunguka miji midogo wakicheza kwa malipo ya mlangoni, wakiingia mjini kwa gwaride la kucheza dansi barabarani. Inachekesha sana, kisha ghafla kuna wembe, kuna deni la hoteli, kuna gari linachukuliwa. Pryor ni mchezaji anayejifunza Kihispania ili ajifanye Mkuba, apenye Ligi Kuu. Unacheka, halafu unafikiria mtu anayelazimika kuacha jina lake ili aruhusiwe kupiga mpira.

Mwanangu ana miaka kumi na moja. Mwaka mmoja, mwezi wa Aprili, aliniuliza kwa nini siku ile wachezaji wote wa timu zote wamevaa namba 42. Tarehe 15 Aprili 1947 Jackie Robinson, mweusi aliyeivunja ile marufuku, aliingia uwanjani na Dodgers ya Brooklyn, na namba yake imestaafishwa kwa klabu zote tangu 1997, isipokuwa siku hiyo ya kumkumbuka. Nilimwekea 42 ya mwaka 2013, Chadwick Boseman akiwa Robinson. Ni filamu safi kwa familia, ingawa matusi ya kocha wa timu pinzani ni makali na nilimwandaa mtoto kabla. Boseman alifariki tarehe 28 Agosti 2020, siku ambayo ligi ilikuwa inamwadhimisha Robinson, kwa sababu mwaka ule janga liliisogeza sherehe. Nilikuwa kazini, barakoa mbili usoni, nikaisoma habari ile kwenye simu nikakaa chini.

Ila mkiweza, tafuteni The Jackie Robinson Story ya 1950. Robinson anajiigiza mwenyewe, na Ruby Dee ni mkewe. Maneno anayatamka kwa ugumu wa mtu asiye mwigizaji. Kisha anaanza kukimbia kati ya kituo cha kwanza na cha pili, na hakuna mwigizaji anayeweza kuiga miguu ile. Mwanangu aliisimamisha pale na kurudisha nyuma mara nne.

Kwa wenye mabinti, A League of Their Own ya Penny Marshall, 1992. Ligi ya wanawake ilikuwepo kweli, kuanzia 1943 wanaume walipokwenda vitani, hadi 1954. Sitasema mengi, inajisemea. Angalieni tu sekunde chache ambapo mpira unatoroka kuelekea walikosimama watazamaji weusi, na mama mmoja anauokota na kuurusha mbali, kwa nguvu, ukampita aliyeuomba. Haongei. Ligi ile haikuwachukua wanawake weusi. Toni Stone alikuja kucheza mwaka 1953 na Indianapolis Clowns, timu ya wanaume weusi.

Na The Bad News Bears ya 1976, Walter Matthau akiwa kocha mlevi wa watoto wasiojua kucheza. Lugha yake ni chafu, mnaonywa. Wanafungwa fainali, na furaha yao baada ya kufungwa ni ya kweli kuliko makombe mengi niliyoyaona yakiinuliwa.

Mjini kwetu kuna timu ya ligi ndogo inayoitwa Kernels, yaani Punje. Punje za mahindi! Nilipolielewa jina lile nilinunua kofia siku hiyo hiyo. Tiketi ni nafuu, unakaa karibu kiasi cha kusikia mdakaji akizungumza na mwamuzi, na unawaona vijana wa miaka ishirini ambao wengi wao hawatafika juu. Mike Trout, aliyekuja kuwa nyota wa Ligi Kuu, alipita hapa mwaka 2010. Kwa kila Trout mmoja kuna mamia waliorudi kwao kuuza matairi. Filamu inayowajua hao ni Bull Durham ya 1988, na si ajabu, maana Ron Shelton aliyeiandika na kuiongoza alicheza ligi ndogo mwenyewe. Si filamu ya kuangalia na watoto, wala na wakwe.

Kevin Costner hapa ni mdakaji mkongwe aliyetumwa kumlea mrushaji kijana mwenye mkono wa dhahabu na kichwa kitupu. Kuna mahali akiwa amelewa anaeleza tofauti kati ya mpigaji wa .250 na wa .300. Kwa nafasi mia tano za kupiga, tofauti ni mapigo ishirini na tano. Msimu una kama wiki ishirini na tano. Basi ni pigo moja kwa wiki, mpira mmoja dhaifu unaoanguka mahali pasipo na mtu, na maisha yako yote yanakuwa mengine. Niliposikia hesabu ile nilikuwa na kalamu, nikaipiga nyuma ya bahasha ya umeme. Ni sahihi. Baba angeielewa mara moja, maana tofauti ya msimu mzuri na mbaya pale Laela ilikuwa mvua moja ya Februari.

Sugar ya mwaka 2008 nimeiweka hadi hapa ili niizungumzie kwa nafasi. Ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo wengi hawajaisikia. Miguel ni kijana wa Jamhuri ya Dominika, mrushaji, amelelewa kwenye chuo cha mpira cha klabu ya Marekani ambako wanafundishwa kurusha na kusema kwa Kiingereza maneno machache ya uwanjani. Anachaguliwa. Anapelekwa Arizona, kisha, na hapa nilikaa wima, Iowa. Anaishi na bibi na babu wazungu shambani, wema, wacha Mungu, wapenda mpira, na hawana lugha moja naye. Dirishani ni mahindi.

Kuna mgahawa. Kijana anajua kuagiza chakula kimoja tu, mkate uliochovywa mayai na kukaangwa, basi anakula huo kila siku. Siku moja anajaribu kuomba mayai. Mhudumu anamuuliza anayataka vipi, anaorodhesha aina zote, na yeye haelewi hata moja, anarudi kwenye mkate wake. Mhudumu anaondoka, anarudi na sahani ina mayai ya kila namna, anamwonyesha moja moja na kulitaja jina lake. Nilisimamisha filamu, nikaenda jikoni, nikasimama. Mimi Kiingereza nilikisoma shule hadi kidato cha nne, lakini miezi ya kwanza simu ya kazini ikilia mikono ilikuwa inatetemeka. Muuguzi mmoja mkongwe alinichukua akanizungusha stoo, akaligusa kila bomba, kila bandeji, kila kopo, akisema jina lake nami nikirudia. Hakuna aliyemtuma.

Miguel anaumia mguu, anapoteza mdundo, mipira haiendi anakotaka. Anayempokea nafasi ni kijana mwingine kutoka kwao, mdogo kuliko yeye. Anampigia mama yake simu na sauti yake inasema mambo mazuri. Siku moja, bila kumuaga mtu, anapanda basi kwenda New York. Filamu nyingine ingemrudisha uwanjani apate homurani. Hii inampeleka jikoni kuosha vyombo, inampeleka kwenye karakana ya seremala, na mwisho inamkalisha kwenye kiwanja cha mtaani Bronx na wanaume wengine kama yeye. Kila mmoja anataja jina lake na klabu iliyowahi kumsajili. Algenis Pérez Soto, anayemwigiza, hakuwa mwigizaji, alikuwa kijana wa huko huko anayecheza mpira, na dakika ile ya mwisho uso wake unabadilika mara tatu bila neno.

Nampenda Miguel kwa zile simu. Nami nilipiga nyingi za namna hiyo.

Baba alifariki Machi 2019. Karatasi zangu zilikuwa bado zinashughulikiwa, ningetoka nisingeweza kurudi, na mtoto alikuwa na miaka mitano. Nilizika kwa simu. Kaka aliishika juu watu wakitupia udongo, mtandao ukakatika, ukarudi, udongo umeshajaa.

Baada ya hapo sikuiona Field of Dreams kwa miaka mitatu. Kila mtu anajua inakoelekea: yule mkulima aliyelaza mahindi anamkuta baba yake, kijana, amevaa vazi la mdakaji, na wanarushiana mpira jua likizama. Sisi na Baba hatukuwahi kurushiana kitu. Sisi tulipukuchua mahindi. Jioni baada ya mavuno, tumekaa kwenye mikeka ya ukindu, gunzi moja unasugua na jingine, punje zinaanguka kwenye ungo, ungo ukijaa unamiminwa kwenye debe. Saa nzima inapita bila neno. Akitaka kukuambia umefanya vizuri, anakusogezea hindi gumu kuliko yote.

Agosti iliyopita nilimpeleka mwanangu Dyersville, kama saa moja kwa gari kutoka kwetu. Uwanja wa filamu upo bado, nyumba nyeupe ipo, ngazi za mbao zipo. Karibu yake walijenga uwanja mwingine, na Agosti 2021 White Sox na Yankees walicheza hapo mechi halisi ya Ligi Kuu, 9 kwa 8, ikamalizwa na homurani ya Tim Anderson iliyoangukia mahindini. Baba na watoto walikuwa wamejaa wakirushiana mipira. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye mstari wa kwanza wa mahindi, nikashika mbelewele. Wamepanda kwa kubanana sana, na hakuna maharage katikati. Mwanangu akaniita mara mbili: "Mama, rusha!" Nikavua viatu, nikarusha. Nilirusha mpaka bega likawaka moto.

Nyuma ya nyumba nina mistari mitatu ya mahindi sasa. Tumeyavuna Oktoba na kuyaanika gereji. Usiku huu yako kwenye beseni sebuleni, mwanangu anapukuchua kwa kidole gumba, polepole, punje zinaruka hadi chini ya kochi. Tumeweka Sugar, sauti chini, imefika pale kwenye mayai. Nimemsogezea hindi gumu.